Boti Mbili za Kawangware

Boti hizo mbili zilikaa juu ya mawe kando ya barabara, karibu na steji ya matatu ya Kawangware 56, mahali ambapo maji ya karibu zaidi yalikuwa ya mtaro. Waliokwenda sokoni walisimama kuzitazama. Watoto walizipanda wakajifanya wanapiga makasia mpaka wafukuzwe. Wauza mitumba walikuwa wamempa fundi Phanuel Walubengo jina la Nuhu, na kila asubuhi hakukosekana mtu wa kumuuliza wanyama wangeingia lini.

"Tunakungoja wewe," Phanuel alijibu bila kuinua uso. "Nyani bado hajafika."

Aliyeziagiza alikuwa Wagaki, mwenye ploti ile ya karakana na nyumba za kupangisha kule Gatina. Wapangaji walimwita Mama Gikonyo. Baba yake alikuwa amemwachia shamba Kinangop lenye bwawa kubwa, na Wagaki alikuwa amechoka na familia inayokutana kwenye matanga tu. Alitaka Jumapili za watu wote: watoto, wapwa, mashangazi na sufuria ya pilau, kila mtu juu ya maji na simu mfukoni. Huko Naivasha alikuwa ameona boti bapa inayoelea juu ya mitungi mirefu ya chuma, yenye viti pembeni na turubai la kivuli juu, akaipiga picha. Picha hiyo akawaletea mafundi wawili.

"Nifanyieni ya mapipa, kila mtu yake," aliwaambia. "Nitachagua moja. Na atakayenifurahisha ndiye atanitengenezea mageti na madirisha yote ya ile ploti mpya."

Fundi wa pili alikuwa Jeremy, ambaye karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Alijifunza kazi kwa Phanuel miaka mingi kabla ya kufungua yake, na hilo ndilo lililoleta taabu. Boti zilipokwisha, hakuna aliyeweza kusema ipi ni bora. Viti viliinama kwa pembe ileile. Pembe za chuma zilikuwa zimesuguliwa kwa tupa mpaka zikawa laini, kwa sababu Phanuel alikuwa amemfundisha Jeremy kwamba chuma cha watoto husuguliwa mara mbili. Hata mapipa ya bluu yaliyolazwa chini ya kila boti yalitoka kwenye lori moja, mapipa yaliyowahi kubeba juisi nzito ya kiwandani, na mafundi hao wawili waliyagawana kama ndugu. Tofauti ilikuwa rangi tu. Jeremy alikuwa amechora mstari wa rangi ya machungwa kwenye kila pipa lake. Phanuel alipaka reli nyeupe akaishia hapo.

Mapipa yote, ya Phanuel na ya Jeremy, yalikuwa yamepimwa na Lavender.

Lavender alikuwa mpwa wa Phanuel, mtoto wa dada yake Sella, na alikuwa amehitimu chuo kikuu mwaka uliopita katika maendeleo ya jamii. Kazi ya kuajiriwa ilikuwa bado, lakini alifundisha watoto Jumapili katika kanisa moja la Gatina, na watoto wa Wagaki walikuwa darasani mwake. Mama yake aliuza maji Mashimoni, kule Kibera, na ndiyo maana mapipa yalipelekwa kwake. Mashimoni kila mtu anajua pipa linavyopimwa. Unalisimamisha juu ya kadibodi kavu, unalijaza hadi juu, unaliacha hapo usiku kucha. Asubuhi unainua kidogo na kuangalia chini. Kadibodi ikiwa kavu, pipa ni zima. Lavender aliyahamisha maji kwa mpira kutoka pipa hadi pipa, na kadibodi zote zikawa kavu.

"Yako poa yote, Anko," alimwambia Phanuel. Na Jeremy naye aliambiwa vivyo hivyo.

*

Wagaki alikuja kuchagua Jumapili baada ya ibada, akiwa bado na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Alikaa kwenye boti ya Phanuel, akairukia kidogo kwa makalio kama mtu anayejaribu kochi dukani. Kisha akaenda kwenye boti ya Jeremy akafanya vilevile. Akarudi ya kwanza. Akarudi ya pili.

"Ai, hii ni kama kuchagua mayai," alisema. "Nikitaka hii, naona ile."

Phanuel na Jeremy walikuwa wamesimama mbali kidogo, kila mmoja akijifanya hana haraka. Jicho la kushoto la Phanuel lilikuwa linatoa machozi. Lilikuwa linatoa machozi tangu mwaka uliopita, kwa sababu ya miaka mingi ya mwanga wa kuchomelea, na siku hizi alipounganisha vyuma viwili alivipapasa kwanza kwa vidole ili ajue kama vimekutana. Lavender alikuwa amemwona akifanya hivyo na alikuwa ameona pia jinsi alivyogeuka haraka alipogundua anatazamwa. Mjomba huyu ndiye aliyemsomesha. Akipata mageti ya Wagaki, alikuwa amemwambia Sella, ataweka vijana wamchomelee, yeye abaki kupima na kuelekeza. Akiyakosa, ataendelea kuchomelea mwenyewe mpaka macho yakatae.

Wagaki alimshika Lavender mkono akamvuta upande wa nyuma wa boti.

"Ticha, wewe mtu wa Mungu na umesoma. Ungekuwa na watoto, ungewapandisha gani?"

"Zote ni nzuri, Mama Gikonyo."

"Hiyo najua. Niambie kile sijui."

Lavender alifungua mdomo aseme hakuna. Badala yake alisikia sauti yake, ya chini na ya upole, sauti ileile aliyoitumia darasani Jumapili.

"Sina uhakika. Lakini nilisikia mapipa ya Jeremy yalikuwa ya dawa ya kunyunyizia shamba."

Wagaki akavuta pumzi. "Ya dawa? Na vile watoto wanapenda kuweka mikono kwa maji!"

"Nilisikia tu."

"Umefanya vizuri kuniambia. Na usijali, sitamtaja. Kijana wa watu ataumia bure." Akamfinya mkono kwa shukrani, akaenda kule mafundi waliposimama na kutangaza kwa sauti ya furaha kwamba boti ya Phanuel imempendeza zaidi, na kwamba Jumamosi inayofuata ataleta lori kuichukua.

Jeremy alikuwa wa kwanza kumpa Phanuel mkono. "Hongera, mzee. Mwalimu ni mwalimu."

Baadaye, Phanuel alipokuwa akisindikiza gari la Wagaki, Jeremy alimkaribia Lavender. Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu halikuwa limekaa vizuri usoni.

"Lavi, ilikuwa na shida gani yangu? Niambie tu, nirekebishe."

"Hakuna shida. Alisema zote ni nzuri."

"Hakusema kitu?"

"Hakusema."

Huo ukawa uongo wa pili, na ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Wepesi huo ndio uliomtia hofu.

*

Wiki hiyo alijaribu kujitetea kila alipofanya kazi ya mikono. Akifua, alijiambia kwamba Jeremy ni kijana, ana macho mazima, atapata kazi nyingine. Akipepeta mchele, alijiambia kwamba Wagaki angechagua boti ya mjomba hata hivyo. Lakini kama angeichagua hata hivyo, uongo ulikuwa wa nini? Na kama asingeichagua, basi alikuwa ameichukua kazi mikononi mwa mtu na kumpa mwingine, huku mwenyewe akiitwa Ticha. Hata chakula cha mjomba, siku aliyopita karakana akakuta ameagiza chapati na madondo kusherehekea, alikiacha nusu.

"Kula, mtoto wa dada," Phanuel alisema. "Unakonda na sisi tuko na mageti!"

Ng'ambo ya barabara boti ya Jeremy haikuwepo tena. Ilikuwa imeziba mlango wa saluni ya jirani yake Valary, na Valary alikuwa mvumilivu wakati kulikuwa na matumaini. Matumaini yalipokwisha alisema waziwazi kwamba wateja wake hawawezi kuingia kwa kuruka bahari. Jeremy akaifungua boti chuma kwa chuma. Fremu aliiegemeza ukutani. Mapipa akayauza Mashimoni, kwa sababu maji ya mfereji yalikuwa yamepotea majumbani na wenye mikokoteni walitafuta vyombo.

Lavender alilijua hilo siku ya Ijumaa, kwenye foleni ya kioski cha mama yake. Mteja mmoja, Shivachi, mbeba maji mwenye mdomo usiochoka, alikuwa amelaza pipa la bluu juu ya mkokoteni wake, akalifunga kwa mpira wa baiskeli, akalijaza. Lilikuwa na mstari wa rangi ya machungwa. Kabla hajauinua mkokoteni, maji yalianza kumtiririkia viatuni.

"Sella! Dramu gani hizi zinakojoa?"

"Si langu hilo," Sella alimjibu. "Muulize aliyekuuzia."

"Aliniapia haivuji!"

"Lisimamishe tuone."

Watu wawili walimsaidia kulisimamisha. Maji yakakoma. Wakalilaza tena. Yakaanza tena, si mengi, uzi mwembamba ukitoka kwenye kifuniko kidogo cha mdomoni, kile kilichoelekea chini.

"Basi ni pipa la kusimama," mtu alisema kwenye foleni. "Kama wewe Shivachi, ukilala unaharibu."

Foleni nzima ilicheka. Lavender hakucheka. Alisogea, wakalisimamisha tena, akafungua kifuniko kile kwa vidole vyake akatazama ndani ya shingo yake. Raba haikuwepo. Pale ambapo panapaswa kuwa na duara la mpira wa kuziba, palikuwa na plastiki tupu. Aliyekuwa na mapipa hayo kabla ya lori alikuwa amezitoa au zilikuwa zimelika. Mashimoni hakuna anayezitazama raba za pipa, kwa sababu pipa la nyumbani hukatwa juu, husimama, na maji huchotwa kwa kikombe. Kadibodi yake ilikuwa imechunguza kitako cha pipa tu. Haikuwahi kuuliza habari za mdomo.

Na chini ya boti, mapipa yalikuwa yamelazwa. Kila moja lilikuwa na vifuniko viwili, na hata ukilizungusha vipi, kimoja kitaelekea majini.

Aliwaza bwawa la Kinangop ambalo hajawahi kuliona. Alimwaza Gikonyo mwenyewe, mtoto wa kwanza wa Wagaki, asiyejua kuogelea na anayeuliza maswali mengi kuhusu malaika. Boti isingezama mara moja. Maji yangeingia polepole, pipa baada ya pipa, upande mmoja ukiinama watu wakila pilau.

*

Phanuel alimsikiliza akiwa ameshika kofia yake ya kuchomelea. Hakubisha. Aliinama chini ya boti, akafungua kifuniko cha pipa la mbele, akaingiza kidole.

"Hakuna raba," alisema.

"Na ni mimi nilisema yako poa."

"Na mimi nilikuamini, na mimi ndio fundi. Tumekosa wote." Alisema hivyo bila uchungu, kwa sababu kwake kosa hilo lilikuwa la kazi, na kosa la kazi hurekebishwa. "Ni kitu ndogo. Tunakata raba kwa tyubu ya gari. Lakini mimi mwenyewe sitaona kukata miduara midogo hivyo. Ita Jeremy."

"Anko, Jeremy ana kazi zake."

"Jeremy ana makasi na ana macho. Muite."

Asubuhi ya Jumamosi Jeremy alivuka barabara na tyubu mbili kuukuu begani, zake mwenyewe, akakataa hata kutajiwa malipo. Alikaa juu ya debe akakata. Lavender alipaka grisi na kuvaa raba kwenye vifuniko. Phanuel alivikaza kwa spana. Wakimaliza pipa, walilijaribu kwa njia mpya: waliligeuza, wakamwaga maji ya sabuni kwenye kifuniko na kusukuma hewa kwa pampu ya baiskeli kupitia kile kingine, wakitafuta povu.

"Kumbe hata yangu ingezama," Jeremy alisema akicheka. "Mungu alinipenda."

"Ungeipima kwa kadibodi?" Phanuel aliuliza.

"Ningeipima kwa kadibodi, mzee. Si ndio ulinifundisha?"

Walicheka wote wawili. Lavender aliendelea kupaka grisi. Kila raba aliyoipokea ilikuwa imekatwa vizuri, bila kona, bila haraka, na mkono wa mtu aliyekuwa akiitengeneza boti iliyomshinda. Jeremy angempiga makofi, angemtukana, ingekuwa nafuu.

"Lakini unajua kitu kinaniuma?" Jeremy alisema, makasi yakiendelea. "Sio kushindwa. Mzee kunishinda ni haki yake. Ni vile sijui nilishindwa na nini. Nimeiangalia hiyo boti wiki mzima. Labda ni rangi. Labda ile machungwa ilikuwa mingi."

"Rangi ilikuwa sawa," Lavender alisema.

"Basi ni nini?"

Angeweza kumwambia hapo. Walikuwa watatu tu, grisi mikononi, hakuna aliyekuwa amevaa nguo nzuri. Alimtazama mjomba wake akipapasa spana ndani ya kisanduku, akipita juu yake mara mbili kabla ya kuipata. Akachovya tena kidole kwenye grisi. Kisha lori la Wagaki likapiga honi.

Wagaki aliteremka na watoto wake wawili nyuma yake. Gikonyo alikimbia moja kwa moja hadi kwenye boti akiuliza usukani uko wapi. Phanuel alieleza habari za raba bila kuficha, akaonyesha povu lisilotoka, na Wagaki akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipenda mtu anayerudia kazi yake. Kisha akamwona Jeremy na makasi yake, na uso wake ukalegea kwa huruma.

"Na wewe umekuja kusaidia! Una roho nzuri. Nimesikia umeivunja ile yako."

"Ndio, Mama."

"Afadhali hivyo. Kwa sababu ya watoto."

Jeremy alimtazama. "Watoto gani?"

"Wowote," Wagaki alisema haraka, akageukia dereva. "Leteni mbao, tupandishe. Tunataka kufika kabla ya mvua."

Ilikuwa imepita. Wagaki alikuwa ametimiza ahadi yake ya kutomtaja mtu, na alikuwa ameitimiza kwa adabu. Dereva alishusha mbao. Phanuel aliita vijana wa karibu waje wabebe. Baada ya muda mfupi boti ingekuwa juu ya lori, na Jeremy angerudi ng'ambo akiwaza habari ya rangi, labda miaka.

"Mama Gikonyo," Lavender alisema.

Hakuna aliyegeuka, akarudia.

"Mama Gikonyo, ngoja. Mapipa ya Jeremy hayakuwa ya dawa."

Wagaki aligeuka. "Unasemaje?"

"Yalikuwa ya juisi. Yalitoka lori moja na haya. Niliyapima yote mimi. Nilikuwa najua."

"Si uliniambia ulisikia?"

"Sikusikia kwa mtu. Nilisema mwenyewe. Ulitaka tofauti na hakukuwa na tofauti, na mimi nilitaka Anko apate."

Vijana waliokuwa wameinama kuinua boti waliinuka. Valary alikuwa ametoka mlangoni mwa saluni na kitana mkononi. Jeremy aliweka makasi chini, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Dawa?" alisema. "Watu wa hapa wanajua nilitaka kuweka watoto juu ya dawa?"

"Ni mimi tu niliambiwa," Wagaki alisema. "Sikumwambia mtu." Lakini alisema huku akitazama chini, na Lavender akajua kwamba angalau mumewe aliambiwa, na pengine mashangazi.

"Jeremy, nisamehe," Lavender alisema. "Uliniuliza na nikakudanganya tena."

Jeremy alikuwa anamtazama Phanuel.

Na Lavender pia alimtazama, kwa sababu hasira ya mjomba ndiyo aliyokuwa ameiogopa wiki nzima. Haikuja. Phanuel alikuwa amesimama na spana yake, jicho likitoa machozi kama kawaida, kiasi kwamba hukuweza kujua kama analia.

"Ni kwa sababu ya macho yangu?" aliuliza.

"Anko, umenifanyia mengi…"

"Nimekuuliza. Ni kwa sababu ya macho?"

"Ndio."

"Kwa hivyo uliona siwezi kushinda."

"Hapana, mlikuwa sawa. Mlikuwa sawa kabisa!"

"Basi ungeniacha hapo. Sawa na Jeremy, mimi ningeenda nyumbani nikiimba. Nilimfundisha mimi." Aliweka spana ndani ya kisanduku. "Sikukuomba unisemee. Ulinihurumia mbele ya watu na hata sikujua nahurumiwa."

Hilo halikuwa limemjia Lavender hata mara moja. Wiki nzima alikuwa amehesabu aliyemkosea, na kila mara hesabu ilikuwa ya mtu mmoja, yule wa ng'ambo ya barabara.

Wagaki alivua kitambaa chake akajipangusa shingo. Alipozungumza tena, hakumwita Ticha.

"Sasa mimi nitajuaje? Uliniambia zote ni nzuri, kumbe zinavuja. Uliniambia dawa, hakuna dawa. Leo mnaniambia raba iko sawa." Alimwita Gikonyo ashuke kwenye boti, na mtoto alishuka akinung'unika. "Phanuel, wewe sina neno na wewe. Lakini leo sibebi kitu. Na mageti ngoja kwanza. Nitachagua tena nikiona mbili."

"Yangu haiko," Jeremy alisema.

"Basi nitangoja iwe."

Lori likaondoka tupu. Watoto walikuwa wamebandika nyuso kwenye kioo, na Gikonyo hakumpungia mwalimu wake mkono. Vijana waliokuja kubeba walitawanyika wakinong'ona, na hakuna aliyefanya mzaha wa Nuhu.

Jeremy alikuwa amevuka barabara. Lavender alimfuata mpaka kwenye fremu iliyoegemea ukutani, akasimama mbali kidogo.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Ndio."

Jeremy aliondoa mabaki ya mpira kwenye kucha zake. "Fremu ninayo," alisema mwishowe. "Mapipa yako Mashimoni kwenu. Nilimuuzia Shivachi, na yeye akagawia wengine. Yatafute."

"Nitayatafuta."

"Na ukiulizwa unayatakia nini, usiseme ni mimi nayataka. Sema ukweli."

*

Shivachi alikuwa kwenye foleni ya kioski, mkokoteni umejaa, kitambaa kimefungwa kwenye kifuniko kuzuia uzi wa maji.

"Unataka nini?" alisema. "Nimwage maji ya watu nikupatie pipa?"

"Ukimaliza kupeleka. Na uniambie mengine yako wapi."

"Kwani mmejua nimenunua bei ya hasara mnataka kuninyang'anya? Ya nini, Lavi? Unaolewa? Unahama?"

Watu kwenye foleni waligeuka kusikiliza, wakitarajia kucheka. Sella alikuwa ameshika mpira wa maji juu ya jerikeni ya mtu. Lavender aliwaza jinsi angeweza kusema kifupi: Jeremy anayahitaji. Lingekuwa jambo la kweli pia, kwa kiasi.

"Nilimsingizia Jeremy," alisema. "Nilimwambia mnunuzi wake kwamba mapipa yake yalikuwa ya sumu, ili boti ya Anko Phanuel ichaguliwe. Ndiyo maana aliivunja na kuwauzia. Nataka yarudi aijenge tena."

Jerikeni ilijaa ikamwagika. Sella hakuondoa mpira mpaka mwenye jerikeni alipopiga kelele.

"Ndugu yangu anajua?" aliuliza.

"Amejua leo. Mbele ya watu."

Sella alifunga mfereji. Kisha alikaa juu ya kiti chake kidogo kwa namna ambayo Lavender hakuwahi kumwona akikaa mchana, mikono imelala mapajani, na foleni ikalazimika kungoja.

Shivachi alikuna kichwa. Mzaha ulikuwa umemtoka. "Hili nitakuletea jioni," alisema. "Mawili yako kwa mama wa mandazi pale chini. Moja liko kanisani. Lakini mengine mawili, dada yangu, hayo yameshakatwa katikati. Wamefanya beseni za kufulia."

Lavender alitoa simu akampigia Jeremy. Ililia kwa muda mrefu, akadhani haitapokewa. Ilipopokewa hakusikia salamu, ila sauti ya tupa ikisugua chuma nyuma yake.

"Mawili yamekatwa," alisema. "Hayatarudi."

Tupa ilinyamaza.

"Umewaambia kwa nini unayataka?"

"Nimewaambia."

"Mama yako alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Lavender alingoja, simu ikiwa imebanwa sikioni, watu wote wa foleni wakimtazama bila kuficha.

"Leta yaliyobaki," alisema Jeremy, akakata.

Lavender aliteremka kwenda kwa mama wa mandazi.